Siku 21, Moyo wa Chuma na Hadithi Nyingine: Kweli au Uongo?

Umeshazisikia. Kama hukuzisikia kwa mhamasishaji aliyeshika maikrofoni ukumbini, basi zilikujia kwenye stetasi ya shemeji yako saa kumi na mbili asubuhi, zimepambwa kwa picha ya simba. Jenga tabia kwa siku 21. Andika malengo utajirike. Jitamkie ushindi. Nyingine hazijulikani zilikotoka. Nyingine tumezirithi kwa bibi zetu, na hizo, kama utakavyoona, mara nyingi zina akili kuliko zile za ukumbini. Tuziite moja moja zitoe ushahidi. Hukumu kwanza, sababu baadaye.

"Siku 21 zinatosha kujenga tabia mpya"

Uongo. Tena ni uongo ambao baba yake anajulikana.

Mwaka 1960 daktari mmoja wa Marekani, Maxwell Maltz, ambaye kazi yake ilikuwa kurekebisha sura za watu kwa upasuaji, alitoa kitabu kiitwacho Psycho-Cybernetics. Humo alieleza kwamba mtu aliyetengenezwa pua huchukua angalau siku 21 hivi kuizoea sura yake mpya kwenye kioo, na kwamba aliyekatwa mguu au mkono naye huchukua muda kama huo kabla hajaacha kuhisi kiungo bado kipo. Maltz hakupima tabia ya mtu yeyote. Aliona wagonjwa wake, akakisia, akaandika "angalau". Waliokuja nyuma yake waliiangusha hiyo "angalau" njiani, kisha wakaihamisha hesabu kutoka kwenye pua wakaipeleka kwenye mazoezi, akiba na kuamka mapema.

Waliopima kweli ni Phillippa Lally na wenzake wa University College London, ambao matokeo yao yalitoka mwaka 2009. Walichukua watu 96, kila mmoja akachagua jambo moja dogo la kufanya kila siku katika wakati uleule: kula tunda na chakula cha mchana, kunywa maji, kukimbia dakika 15 kabla ya chakula cha jioni. Kwa wiki 12 wakawa wanaeleza kama jambo hilo limeanza kujiendea lenyewe bila kusukumwa. Wastani ulikuwa siku 66. Lakini wastani huo umefunika mengi. Aliyewahi alifika siku ya 18, na aliyechelewa alikadiriwa kuhitaji siku 254. Nasema alikadiriwa kwa sababu utafiti wenyewe uliishia siku ya 84. Zilizobaki ni hesabu ya kwenye karatasi. Mambo ya kula na kunywa yalizoeleka upesi, mazoezi yakasuasua.

Utafiti huohuo una jambo jingine ambalo wahamasishaji hawalitaji, nami naliona lina faida kuliko hizo siku. Kuruka siku moja hakukuharibu kitu. Aliyekosa leo akaendelea kesho alifika kama mwenzake. Kwa hiyo anayekwambia ukikosa siku moja urudi kuhesabu kuanzia moja, anakutesa bure.

Kama hesabu ya siku ingekuwa ndiyo dawa, Ramadhani ingewaachisha wavutaji wote sigara. Mvutaji anayefunga hukaa tangu alfajiri hadi magharibi bila moshi, siku 29 au 30, na wengi wala hawanung'uniki. Adhana ya magharibi ikilia: tende, maji, kisha kiberiti. Mwezi wa Mfunguo Mosi ukiandama, sigara ya saa nne asubuhi imesharudi mahali pake. Kilichomsaidia mchana wa Ramadhani, mbali na imani yake, ni mtaa mzima uliopangika upya: mgahawa umefungwa, hakuna kikombe cha kahawa cha kuisindikiza, wala hakuna anayemnyoshea paketi. Neno la kushika hapo ni mpangilio, kwa maana litatokea tena na tena.

"Penye nia pana njia"

Nusu kweli. Nia inahitajika, ila peke yake haifiki mbali.

Twende Busia, magharibi ya Kenya. Esther Duflo, Michael Kremer na Jonathan Robinson walifanya kazi huko na wakulima wa mahindi ambao walikuwa wameona, kwenye mashamba ya majaribio, jinsi mbolea kidogo inavyolipa. Waliulizwa: msimu ujao utatumia mbolea? Karibu wote, asilimia 98 hivi, wakasema ndiyo. Msimu ukafika. Waliotimiza walikuwa asilimia 37 hivi.

Wepesi wa kulaumu watasema ni uvivu. Hapana. Nia ilikuwepo na ujuzi ulikuwepo. Kilichokosana ni kalenda. Fedha ya mahindi huingia wakati wa mavuno, mbolea hutakiwa miezi kadhaa baadaye, na katikati hapo pana ada ya shule, msiba wa ukweni na bati linalovuja. Watafiti wakabuni mpango ulioitwa SAFI. Mtu alimfuata mkulima nyumbani mara tu baada ya mavuno, noti zikiwa bado ndani ya nyumba, akamwuzia mbolea kwa bei ileile ya dukani, na ahadi ya kuletewa bila kulipia usafiri. Basi. Matumizi ya mbolea yakapanda kwa karibu nusu. Ofa hiyo ya nauli tu ilifua dafu mbele ya punguzo la nusu bei lililotolewa baadaye, wakati mifuko imeshakauka. Mwaka 2019 Duflo na Kremer, pamoja na Abhijit Banerjee, walipata Tuzo ya Nobel ya uchumi kwa majaribio ya namna hii.

Huko Uingereza nako, mwaka 2002, wanafunzi wa chuo waligawanywa makundi matatu. Wa kwanza waliandika tu kama wamefanya mazoezi. Wa pili wakaongezewa maandishi ya kuwahamasisha kuhusu magonjwa ya moyo. Wa tatu walipewa maandishi hayohayo, ila wakatakiwa pia kuandika siku gani, saa ngapi na wapi watafanya mazoezi ya dakika 20 wiki inayofuata. Kundi la kwanza walifanya asilimia 38. La pili, lililohamasishwa, asilimia 35. La tatu asilimia 91. Ukitaka kujua thamani ya semina ya hamasa isiyo na ratiba, iangalie hiyo 35.

Mwanasaikolojia Mjerumani Peter Gollwitzer ametumia miaka mingi kuchunguza mbinu hii. Siri yake ni sentensi yenye pande mbili: likitokea hili, nafanya lile. "Nitaanza kukimbia" haina kichwa wala miguu. "Jumanne nikirudi kazini, kabla sijakaa kwenye kochi, navaa raba natoka hadi kituo cha mafuta na kurudi" ina pa kushika. Wewe huhitaji tena kujadiliana na nafsi yako saa kumi na mbili jioni, saa ambayo nafsi hushinda kila mjadala.

"Maneno huumba: jione umeshafika, na utafika"

Uongo, kwa namna inavyouzwa siku hizi. Bibi aliyekukataza kumwita mtoto mjinga alikuwa na hoja yake, na dua ni baina ya mja na Mola wake. Hayo mawili siyagusi. Ninalolikataa ni lile la kufumba macho na kujiona unashuka kwenye gari jipya mpaka lije lenyewe.

Gabriele Oettingen wa Chuo Kikuu cha New York amelichunguza jambo hili tangu miaka ya 1990. Katika kazi yake ya mwanzo, aliyochapisha mwaka 1991 pamoja na Thomas Wadden, aliwafuatilia wanawake waliokuwa kwenye mpango wa kupunguza uzito. Waliokuwa na matarajio ya kufanikiwa walipungua zaidi. Lakini waliojichorea picha tamu tupu, wakijiona wembamba bila kuona jasho, walipungua kidogo kuliko waliokuwa na picha zenye shaka. Baadaye akaangalia wahitimu wanaotafuta kazi, akakuta vilevile: waliozidisha ndoto tamu walituma maombi machache, wakaitwa kazini mara chache, na waliopata kazi walipata mshahara mdogo. Maelezo yake ni kwamba mwili hudanganyika. Ukishaonja ushindi kichwani, ile hamu ya kuutafuta inapoa.

Dawa yake si kuwaza mabaya. Ni kuiona picha nzuri, kisha papo hapo kuuliza: kitakachonizuia ni nini? Na ukikipata hicho kizuizi, unakiwekea ile sentensi ya Gollwitzer. (Gollwitzer ni mumewe Oettingen, kwa hiyo huenda mbinu hizi zilikutana mezani kwa chakula cha jioni.)

Na wale wanaosimama mbele ya kioo kujitamkia sifa? Mwaka 2009 Joanne Wood wa Chuo Kikuu cha Waterloo, Kanada, aliwaambia watu warudierudie kwamba wao ni watu wa kupendeka. Waliokuwa tayari wanajiamini waliinuka kidogo. Waliokuwa wanajidharau, yaani hasa wale ambao dawa hiyo huuziwa, walijisikia vibaya kuliko wenzao ambao hawakurudia maneno hayo. Moyo ulijibu: si kweli, wewe. Naona hilo halishangazi. Mtu unayemwambia sifa asizoziamini huanza kuhesabu kasoro zake.

Ila matumaini ya kawaida, yale ya mtu anayeamini mambo yake yatakwenda vizuri huku akiendelea kulima, yana ushahidi mzuri. Mwaka 2019 watafiti wa Marekani waliowafuatilia wanawake zaidi ya 69,000 na wanaume zaidi ya 1,400 kwa miaka mingi walikuta wenye matumaini makubwa waliishi muda mrefu zaidi kwa wastani wa asilimia 11 hadi 15. Haithibitishi kwamba matumaini ndiyo yaliyorefusha umri, lakini hakuna sababu ya kuyabeza.

"Utafiti wa Yale wa 1953: walioandika malengo ndio waliotajirika"

Uongo mtupu. Utafiti huo haukuwahi kufanyika.

Hadithi unaijua: asilimia 3 tu ya wahitimu wa Yale waliandika malengo yao, na miaka 20 baadaye hao asilimia 3 walikuwa na mali kuliko wenzao wote 97 wakijumlishwa. Mara nyingine ni Harvard, mara mwaka ni 1979. Mwaka 1996 jarida la Fast Company liliamua kuutafuta utafiti huo kwa wahamasishaji mashuhuri waliokuwa wakiutaja. Kila mmoja alimsukumia mwenzake, mpaka duara likafunga. Yale nao walitafuta, wakasema hawana kitu kama hicho.

Ushauri wenyewe lakini si mbaya. Gail Matthews wa Dominican University of California, baada ya kukuta hadithi haina msingi, alifanya jaribio lake mwenyewe. Walioandika malengo walifika mbali kuliko walioyaweka kichwani tu. Na waliofika mbali zaidi ya wote ni walioandika, kisha kila wiki wakampelekea rafiki taarifa ya walipofikia. Kumbe hata ukiandika, daftari lisikae peke yake.

"Wenye nidhamu wana moyo wa chuma"

Uongo, na hapa ndipo nitakapokaa kidogo, kwa sababu uongo huu unaumiza watu. Aliyeshindwa kuacha soda huambiwa ni dhaifu, naye akaamini.

Kwanza, wazo kwamba utashi ni akiba inayopungua ukiitumia. Lilivuma tangu 1998, Roy Baumeister alipowaweka watu mbele ya biskuti za chokoleti na kuwataka wale figili. Waliozuiwa biskuti walikata tamaa mapema kwenye fumbo lililofuata. Vitabu vikaandikwa. Mwaka 2016 maabara 23 zilijaribu wazo hilo upya kwa pamoja, kwa washiriki zaidi ya 2,000, na athari iliyoonekana ilikuwa karibu na sifuri.

Pili, watoto na peremende. Walter Mischel wa Stanford aliwaacha watoto na kitamu kimoja mbele yao: ukisubiri nirudi, utapata viwili. Ikasemwa kwamba waliosubiri walikuja kufaulu maishani. Mwaka 2018 uchunguzi uliohusisha watoto zaidi ya 900 ulionyesha kwamba ukizingatia hali ya nyumbani mtoto alikotoka, uhusiano huo unapungua sana. Na wakati huohuo Bettina Lamm na wenzake wakapeleka jaribio hilo Kameruni kwa watoto wa Wanso, umri wa miaka minne, wakaweka andazi badala ya peremende. Karibu asilimia 70 ya watoto hao walisubiri. Kwa watoto wa Ujerumani walikuwa chini ya asilimia 30. Watoto wa Kijerumani walijizungusha, wakaimba, wakageuka nyuma. Wa Kinso walikaa tu, na baadhi yao wakasinzia. Yeyote aliyelelewa katika nyumba ambayo mtoto hagusi sahani ya wageni hadi aambiwe, anajua somo hilo lilikofundishwa.

Basi wenye nidhamu wanafanya nini? Wilhelm Hofmann aliwapa watu wazima 205 huko Würzburg vifaa vilivyowauliza mara kwa mara mchana kutwa: sasa hivi unatamani nini, na unajizuia? Wale waliopimwa kuwa na nidhamu kubwa hawakuwa wakishinda vita vingi. Walikuwa na vita vichache. Wamepanga maisha yao wasikutane na adui.

Nguvu ya mahali inaonekana vizuri katika jaribio la bisi la mwaka 2011, ambalo Wendy Wood ni mmoja wa waliolifanya. Watu waliingia sinema, wakapewa bisi. Wengine za moto, wengine zilizokaa siku saba. Waliozoea kula bisi wakitazama filamu walizila zile za wiki nzima sawa na zile mpya, ingawa walikiri kwamba ni mbaya. Walipopewa bisi hizohizo katika chumba cha mikutano, waliziacha. Na humohumo sinema, waliolazimishwa kula kwa mkono wasiouzoea nao waliacha kula kama mashine. Kiti, giza na mkono ndivyo vilivyokuwa vinakula.

Ukilichukua hilo hadi kwetu: kama kila jioni unashuka kituoni, mbele ya kibanda cha chipsi mayai, karai linatoa mlio na muuzaji anakuita bosi, usijipime moyo hapo. Shuka kituo cha mbele. Karanga zinazokaa kwenye bakuli mezani zitaliwa. Zilizofungwa kabatini juu huliwa na mwenye njaa.

"Kibubu ni cha watoto, mtu mzima asiye na nidhamu hata ukimpa kibubu hataweka akiba"

Uongo. Mzee aliyekuwa na kibubu chini ya kitanda alikuwa sahihi.

Pascaline Dupas na Jonathan Robinson walilijaribu hili na vikundi vya upatu magharibi ya Kenya, kazi yao ikatoka mwaka 2013. Watu waliokuwa wanashindwa kununua vitu vya kinga, kama vyandarua, walipewa sanduku la chuma lenye tundu la kutumbukizia fedha, kufuli, na ufunguo wao wenyewe. Hakuna riba, hakuna semina, na anaweza kufungua saa yoyote. Akiba ya afya ikapanda kwa asilimia 66. Fedha iliyoingia ndani ya chuma ilikuwa imeshapata jina, na ndugu aliyekuja kukopa aliweza kujibiwa bila aibu kwamba hii ina kazi yake.

La kushangaza ni sanduku la pili, lililofanana na la kwanza ila ufunguo ulikaa kwa watafiti. Ungetazamia liwe bora zaidi. Halikuwa. Watu hawakutaka kufungia fedha mahali ambapo mtoto akiugua usiku haitoki. Na walioweka kwa pamoja, kupitia mfuko wa afya ndani ya kikundi chao, walikwenda mbali zaidi. Anayeicheka VICOBA ya mama yake na afikiri upya.

"Usitangaze mipango yako, utapigwa husda"

Inategemea unamwambia nani na kwa nini. Husda yenyewe siwezi kuipima kwa mizani. Lakini kukaa kimya kuna faida ya aina moja ambayo imepimwa: mwaka 2009 Gollwitzer alionyesha kwamba wanafunzi wa sheria ambao nia zao za kuwa wanasheria hodari zilisomwa na mtu mwingine walifanya kazi kidogo kuliko wale ambao nia zao hazikusomwa. Sifa waliipata kabla ya jasho. Kwa hiyo picha ya raba mpya kwenye stetasi, pamoja na "safari imeanza", inaweza kuwa ndiyo safari yenyewe.

Kumwambia mtu mmoja atakayekuuliza ni jambo jingine kabisa. Ushahidi ninaoupenda kuliko wote uko katika Kiswahili. Nchini Kenya, katika utafiti wa WelTel uliochapishwa na jarida la Lancet mwaka 2010, wagonjwa waliokuwa wameanza dawa za kupunguza makali ya VVU walitumiwa ujumbe mmoja wa simu kila wiki: "Mambo?" Walitakiwa kujibu "Sawa" au "Shida". Aliyejibu shida, au aliyenyamaza, mhudumu alimpigia. Baada ya mwaka, waliokuwa wakimeza dawa ipasavyo walikuwa asilimia 62 katika kundi hilo, dhidi ya asilimia 50 kwa wengine. Haukuwa ukumbusho wa "meza dawa". Ilikuwa salamu. Na utafiti mwingine wa Kenya ulikuta kwamba ujumbe wa kila wiki unasaidia, lakini wa kila siku hausaidii. Watu huchoka kusumbuliwa.

"Lazima uamke saa kumi alfajiri kama wenye mafanikio"

Uongo. Saa ya mwili hurithiwa kwa sehemu, hubadilika kwa umri, na kijana anayekesha si lazima awe mzembe. Mwaka 2017 David Samson na wenzake walichapisha vipimo vya usingizi wa Wahadzabe 33 wa bonde la Ziwa Eyasi, Tanzania. Katika siku 20 zote, muda ambao watu wote walikuwa wamelala kwa pamoja ulikuwa dakika 18 tu kwa jumla. Wazee walikuwa macho mapema, vijana walichelewa kulala, na maelezo ya watafiti ni kwamba kambi huwa salama pakiwa na mtu macho. Ukiwahi kulala, amka alfajiri. Ukiiba usingizi ili upige picha ya jua linachomoza, unajikopa mwenyewe.

"Hatua 10,000 kwa siku, chini ya hapo unapoteza muda"

Uongo. Namba hiyo ilitoka kwenye tangazo. Mwaka 1965, mwaka mmoja baada ya Olimpiki ya Tokyo, kampuni moja ya Japani iliuza kifaa cha kuhesabu hatua ambacho jina lake lilimaanisha kipima hatua elfu kumi. Mwaka 2019 I-Min Lee wa Harvard aliangalia wanawake zaidi ya 16,000 wenye umri wa wastani wa miaka 72. Waliotembea hatua 4,400 hivi kwa siku walikuwa na vifo vichache bayana kuliko waliotembea 2,700, na faida ikakoma kuongezeka karibu na hatua 7,500. Mama anayetembea hadi sokoni na kurudi anafanya jambo kubwa, hata kama saa yake haimpigii vigelegele.

"Haba na haba hujaza kibaba"

Kweli. Tofauti ya hatua 1,700 niliyoitaja sasa hivi ni haba na haba. BJ Fogg wa Stanford amejenga jina kwa kuwashauri watu waanze na kidogo mno, hata kusafisha jino moja kwa uzi, kwa sababu jambo dogo halihitaji hamu kubwa. Wahenga hawakuhitaji maabara kwa hilo.

Ila methali ina mpaka wake. Inajenga, kubomoa ni habari nyingine. Mwaka 2016 wavutaji 697 nchini Uingereza walipangiwa kuacha sigara kwa njia mbili, kwa mkupuo au kwa kupunguza polepole kwa wiki mbili. Baada ya wiki nne, walioacha kwa mkupuo walikuwa asilimia 49 bado hawavuti, na waliopunguza asilimia 39. Anayekwambia amebakiza tatu tu kwa siku, mpongeze, kisha mwulize ni siku gani hizo tatu zinaondoka.

"Malengo ya Januari ni porojo"

Uongo. Yanachekwa kuliko yanavyostahili. John Norcross wa Chuo Kikuu cha Scranton alilinganisha watu walioweka azimio la mwaka mpya na wengine waliotaka mabadiliko yaleyale bila kuweka azimio. Baada ya miezi sita, asilimia 46 ya walioazimia walisema bado wanaendelea. Kwa wengine ilikuwa asilimia 4. Ni maneno yao wenyewe kwa simu, kwa hiyo punguza chumvi kidogo. Tofauti bado ni kubwa.

"Tabia haina dawa"

Uongo, na nimeuweka mwisho kwa sababu ndio unaowakatisha tamaa wengi.

Mwaka 1971 serikali ya Marekani iligundua kwamba maelfu ya askari wake Vietnam walikuwa wakitumia heroini. Ilikisiwa kwamba wakirudi, miji ingejaa mateja. Mtafiti Lee Robins alipewa kazi ya kuwafuatilia. Takriban mmoja kati ya watano alikuwa amekuwa mraibu kule vitani. Baada ya kurudi nyumbani, katika mwaka wa kwanza ni asilimia 5 hivi tu ya waraibu hao walioangukia tena kwenye uraibu. Wengi walikataa kuamini matokeo hayo, na Robins alilazimika kuyatetea kwa miaka, kwani mraibu wa kawaida aliyetibiwa Marekani alikuwa akirudia dawa kwa kiwango cha juu sana.

Mbali na bei na upatikanaji wa dawa hiyo, tofauti moja ilikuwa wazi. Mraibu wa kawaida alitoka hospitali akarudi mtaa uleule, marafiki walewale, kona ileile. Askari aliiacha kona yake upande wa pili wa dunia. Ndiyo maana watafiti wa mazoea hushauri kutumia vipindi ambavyo maisha yamehama yenyewe: kazi mpya, nyumba mpya, likizo. Kama sigara yako imeoana na kahawa ya barazani baada ya kazi, na ofisi inakutuma Dodoma wiki mbili, usipange kuiacha ukirudi. Iache Dodoma.